Jengo Nililolipitisha Kwenye Waya wa Simu

Mpendwa Dada,

Salamu zikufikie popote zitakapokukuta, jikoni, kwenye ngazi, au pembeni mwa kitanda cha yule bibi unayemtunza. Natumai u mzima, kifua kimeacha kubana, na bibi bado anakuita kwa jina la binti yake na kukugombeza kwa makosa ya huyo binti. Mimi sijambo. Tena sijambo kupita kiasi. Baba naye hajambo, ukiacha goti na ukaidi. Goti linamuuma yeye, ukaidi unatuuma sisi.

Sasa kaa chini, Dada, maana unasoma barua ya mtu mkubwa. Kama yupo mtu katika mji huu aliyewahi kulichukua jengo zima la ghorofa nne, pamoja na ngazi zake, tangi lake la maji na wapangaji wake, akalikunja kama leso na kulipitisha ndani ya waya wa simu mpaka mji mkuu bila kumwaga hata tone, basi mtu huyo ni mdogo wako. Usicheke. Wahandisi wenyewe waliandika kwamba lilifika.

Barua yako tuliipata. Baba aliisoma kwa sauti pale saluni, mteja amekaa kitini na povu nusu uso, wembe wa Baba uko hewani, na kila alipofika kwenye neno zito mteja alikuwa anafumba macho. Ile sehemu uliyomwita mkaidi aliiruka, akasema hapo mwandiko haueleweki. Mwandiko wako, ambao hata kipofu angeusoma kwa kidole! Kisha akaikunja, akaiweka mfukoni, akamalizia shavu la pili, akasema mtu akiwa mbali huogopa kila kitu, hata chumvi.

Uliuliza mambo mawili. Kwa nini Baba bado anakaa na kufanya kazi ndani ya jengo ambalo wewe mwenyewe, ulipokuja likizo, uliingiza kidole ukutani kikazama. Na yule mhandisi wa Ofisi ya Usalama wa Majengo, aliyetazama picha za nyufa zile akaandika kuwa ni madoa ya unyevu, ni kipofu au kuna mtu kamlambisha asali. Umesema ukimpata utamfunga kwenye ile nguzo ya ngazi yetu akae hapo mvua nzima. Nitakujibu yote. Ila nitajibu kwa mwendo wangu, maana mwenye kalamu ni mimi.

Kwanza ujue kuwa pale dukani mimi si yule wa kufagia tena. Ulipoondoka uliniacha kwenye ufagio, sasa hivi niko kwenye kiti cha magurudumu, kile cha ofisini cha kuzungukazunguka. Duka lenyewe unalikumbuka, kopi, picha za paspoti, kadi za harusi, intaneti. Bosi anaandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, kwa hiyo kazi zote za akili ni zangu. Na hakuna aliyenifundisha. Shule niliiacha mwenyewe, haikuniacha, nadhani mpaka leo inajuta. Kompyuta nilijifunza kwa kubofya kila kinachobofyeka, kikiharibika nakizima, nikikiwasha kinakuwa kimesahau. Slaidi ndizo nilizozipenda kuliko vyote. Maneno yanaingia yanaruka, picha inajifungua kama pazia, mshale unapepesa jicho. Watu wa semina wakawa wananiulizia kwa jina. Jina lenyewe ni lile lile alilonipa Baba, Domo, lakini sasa wanalitaja kwa heshima.

Sasa nyufa. Unajua zilivyoanza, mwenye nyumba alipopandisha juu lile tangi la zege ili ajisifu kwamba maji hayakatiki. Uliouona wewe ulikuwa mmoja. Baada ya mvua uliingia mwingine, ulianzia kona ya mlango wa saluni, ukapita nyuma ya kioo kikubwa, ukatokea juu ya kioo na kupanda chumbani kwa Mama Pacha, juu yetu. Baba unamjua, hakuna kitu anachokikosesha kazi. Akaufanya ufa rafu. Alikuwa anachomeka vitana humo, kidogo, cha kati, kikubwa, vimejipanga kama kwenye duka la maana. Wateja wakicheka, anawaambia saluni nyingine hulipa fundi wa mbao, yeye kaletewa rafu na jengo lenyewe. Siku kitana kikubwa kilipopita chote na kuangukia ndani ya ukuta, tukasikia kinavyogongagonga kikishuka, hapo hakucheka. Alizima mashine ya kunyolea, akasimama akisikiliza mpaka kikatulia.

Jioni ile ile aliwaita wapangaji kwenye ngazi. Ndiyo, Dada, aliyeanzisha habari yote ya kulalamika ni Baba mwenyewe, mkaidi wako. Mama Pacha alikuwa ameshafunga mizigo. Magodoro ya wanawe yamefungwa kamba, sufuria ziko ndani ya beseni, amepata chumba kwa shangazi yake ng'ambo ya mji. Alisema yeye hangoji karatasi ya mtu, anaondoka mwisho wa wiki. Baba akamwomba asubiri kidogo tu, walalamike wote pamoja, maana jengo lenye watu husikilizwa kuliko jengo tupu. Akakubali kusubiri. Naomba hilo ulikumbuke, Dada, kwamba alikubali kwa sababu aliombwa.

Ile ofisi ina utaratibu wake. Wahandisi ni wachache, nchi ni kubwa, kwa hiyo hawatoki mpaka waone picha. Na picha hawazitaki kwa posta, zinapotea, wala hawazitaki kama slaidi, maana kompyuta zao nyingine hazina programu ya kuzifungulia. Wanataka zitengenezwe kama ukurasa wa tovuti, zipandishwe mahali wanapokuelekeza, mhandisi azifungue mezani kwake kama anavyofungua gazeti. Akiona hatari, anakuja. Asipoiona, anafunga faili. Mzee wa ghorofa ya pili aliposoma masharti hayo alikuna kichwa mpaka mba ikaanguka. Watu wakaanza kusema basi, hayo ni mambo ya wenye ofisi.

Ndipo nikainuka. Nikasema wapishe, mwenye kazi yake yupo. Baba akasema, mbele ya watu wote, eti mimi kazi yangu ni mdomo, na mdomo hautengenezi tovuti. Watu walicheka mpaka taa ya ngazi ikatikisika. Nami nikaapa pale pale kwamba wahandisi wataona jengo hili kuliko wanavyoona nyumba zao, na kwamba nitaimaliza kazi kabla chai ya Baba haijapoa.

Kamera tuliazima kwa mpiga picha wa harusi. Kamera nzuri, Dada, ukipiga ukuta unahesabu chembe za mchanga. Tulipiga kila ghorofa. Baba ndiye aliyekuwa anashika kitana kando ya kila ufa ili mhandisi apate kipimo, kitana cheusi, na mkono wake umenyooka kama mwanajeshi. Mama Pacha aliwavalisha watoto nguo za sikukuu akawasimamisha mbele ya ufa wa chumbani kwake. Nilimwambia wanauziba. Akasema hapana, mhandisi aone nani analala chini ya hiki kitu. Tukakubaliana wachutame pembeni. Walichutama, wakatoa ulimi.

Nikakaa kwenye kiti changu, nikapanga. Kichwa cha habari kikaingia kikizunguka. Kila ufa nikauwekea mshale mwekundu. Kati ya ghorofa na ghorofa nikaweka pazia linalofunguka. Kisha nikaisevu yote kama ukurasa wa tovuti. Hapo katikati kuna vitu vya kubofyabofya ambavyo havikuhusu kwa sasa. Nikaujaribu kwenye skrini yetu, ukafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nikautuma. Chai ya Baba ilikuwa bado vuguvugu, na nilimwonyesha kwa kuingiza kidole ndani ya kikombe, akanipiga kibao cha mkono.

Majibu hayakuchelewa. Yalikuja kwa barua yenye mhuri, Baba akayasoma akiwa amesimama juu ya kiti cha wateja. Mstari wa kwanza ulisema kuwa ukurasa wetu umepokelewa na kufunguka vizuri, umepangwa kwa mpangilio mzuri, na picha zake zimejaza skrini kikamilifu. Baba aliurudia mstari ule. Akaurudia tena. Akanitazama kama mtu aliyekuta hela kwenye koti la zamani. Mstari wa pili ulisema kwamba katika picha zilizowasilishwa zimeonekana alama za rangi ya kahawia na madoa meusi yanayoashiria unyevu, haukuonekana ufa unaotishia jengo, mwenye nyumba anashauriwa kupiga lipu na rangi, na lalamiko limefungwa.

Halafu mzee wa ghorofa ya pili akasema basi, kama waliosoma wamesema ni unyevu, ni unyevu. Mwingine akasema yeye tangu mwanzo aliona kama unyevu. Baba alikunja uso, akautazama ukuta, akaitazama barua. Akasema macho ya kinyozi yamezoea nywele, huenda kila kitu anakiona ni ufa kama vile anavyoona kila kichwa kinahitaji kunyolewa. Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa anaamini.

Mama Pacha alifungua mizigo Jumapili iliyofuata. Nilimsaidia kukata kamba za magodoro.

Mwenye nyumba naye, barua ilipomfikia, alileta mafundi siku hiyo hiyo. Wakapiga lipu kila ufa, juu yake rangi ya njano, ile ya kuumiza macho. Jengo likawa kama bibi harusi. Kisha, kwa kuwa sasa ana karatasi yenye mhuri inayosema nyumba yake haina kasoro, ameanza kuongeza ghorofa ya tano. Ninapokuandikia hapa matofali yanapanda. Wabebaji wanapita mlangoni kwetu wamejitwika, wanamsalimia Baba, anawaambia wapite taratibu, nywele zao zinahitaji mkono wake.

Na Baba, Dada! Natamani ungemwona. Kila mteja anayekaa kitini anasimuliwa. Anamgeuza kwa kidevu, ananionyesha kwa kitana, anasema yule pale ndiye aliyefanya kazi ikasomwa na wahandisi wa mji mkuu wakaisifu. Yule pale! Mimi ambaye tangu Mama aondoke neno zuri nililolipata kwake ni kwamba sijachelewa sana. Siku moja alimwambia mteja kwamba hata lile jina la Domo sasa anafikiria kulibadili. Nilijifanya sijasikia, nikafagia nywele zisizokuwepo.

Sasa nakuja kwenye maswali yako.

Bosi alinunua skrini mpya. Si ile yenye kisogo kirefu kama ya kwetu ya zamani, bali pana, nyembamba, ukisimama mbele yake unajiona mdogo. Ilipowashwa nikawaita watu waje waone kazi yangu inavyokaa kwenye skrini ya wakubwa. Alikuwepo Bosi, alikuwepo yule binti wa duka la vitambaa, ambaye sitakueleza zaidi kwa sababu utaanza kuulizia ukoo wake. Nikaufungua ule ukurasa niliowatumia wahandisi.

Ulifunguka, Dada. Ulijaa skrini yote, kama walivyoandika. Kichwa cha habari kikazunguka, pazia likafunguka, mshale mwekundu ukapepesa jicho. Lakini mshale ulikuwa unaonyesha ukuta. Ukuta mtupu wenye ukungu, kama unavyouona ulimwengu ukiwa na machozi. Ufa wa saluni, ule uliomeza kitana, ulikuwa kivuli cha kahawia. Kitana cha Baba kilikuwa doa jeusi. Watoto wa Mama Pacha walikuwa madoa mawili ya rangi, hata ndimi hazikuonekana. Binti wa vitambaa akasema picha ni kubwa sana, hongera. Bosi akasema mbona kama chozi. Niliufunga haraka nikasema skrini mpya bado haijazoea.

Mhandisi si kipofu. Hakuna mtu aliyemlambisha kitu. Usimfunge kwenye nguzo.

Ni vile vitu vya kubofyabofya. Ukisevu slaidi ziwe ukurasa wa tovuti, mashine inakuuliza mahali fulani ndani kabisa, penye mambo ya picha, kwamba hizi zitatazamwa kwenye skrini ya ukubwa gani. Inakupa ukubwa wa kuchagua, kuanzia ule mdogo kuliko wote, mia tano arobaini na nne kwa mia tatu sabini na sita, kupanda hadi ule mkubwa ambao sikuwahi kuugusa. Hiyo ni hesabu ya vidoti, Dada. Picha ya kompyuta ni vidoti vilivyopangwa kama vigae sakafuni. Vikiwa vingi, hata unywele unaonekana. Vikiwa vichache, kitu chembamba hakipati kigae cha kukaa, kinamezwa na jirani zake. Mimi nilichagua ule mdogo kuliko wote, kwa sababu kwenye skrini yetu yenye kisogo ulikaa vizuri na ulifunguka haraka, na mimi nilikuwa nashindana na kikombe cha chai.

Ningeishia hapo, mhandisi angeona kijipicha kama stempu katikati ya skrini yake, angeshuku, angeandika tumtumie kubwa. Sikuishia hapo. Kuna kisanduku kingine ukikitia tiki picha zinavutwa zijaze skrini yoyote ile. Nikakitia tiki. Nilitaka akifungua ukuta wetu umjae usoni. Kwa hiyo kale kapicha kakavutwa kama fulana ya mtoto kwenye kifua cha mtu mzima, na yeye akaona picha kubwa, iliyojaa, isiyo na kitu ndani. Nilipojaribu dukani mimi niliziona nyufa kwa sababu nilijua zilipo. Yeye alikuwa na ile picha tu.

Utasema si utume zile za mwanzo, zilizopigwa na kamera ya harusi. Kadi ya kamera ilirudi kwa mwenyewe, ikafutwa na kupigiwa picha za bibi harusi. Na zile nilizoziweka kwenye mashine ya dukani zilikuwa nzito, Bosi akalalamika kompyuta imekuwa kama imekula ugali wa jana, akasema nifute. Nikafuta. Kazi si ilikuwa imeshatumwa?

Utasema si upige upya. Nilipiga. Niliazima tena kamera, nikasevu kwa ukubwa wa juu kabisa uliopo, nikaondoa tiki, nikaondoa mishale na mapazia. Zikatoka picha safi kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Ukuta wa njano, laini, kila alama ya brashi inaonekana. Nyufa zote ziko nyuma ya lipu. Ofisi ikajibu kwamba imepokea picha za jengo lililokarabatiwa na inatupongeza wapangaji kwa ushirikiano. Nikaandika barua kueleza kosa la ukubwa. Wakajibu kwamba lalamiko lililofungwa hufunguliwa kwa picha mpya zenye kasoro mpya. Nikawaandikia tena, hawajajibu.

Kasoro mpya ipo. Nyuma ya kioo cha Baba rangi imepasuka, mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Niliupiga picha. Mpiga picha wa harusi mwenyewe alipoiona alisema hiyo ni rangi tu, imepigwa kabla lipu haijakauka. Na kila mtu atasema hivyo. Mlango wa saluni haufungi tena mpaka uuinue kwa bega, Baba anasema mbao zimevimba. Mama Pacha anasema wanawe wakiruka kitandani vumbi linadondoka kwenye chakula, kwa hiyo amewakataza kuruka. Wanakaa kimya kama watu wazima. Nilimwambia arudi kwa shangazi yake. Akaniuliza kwani nimesoma kuliko wale wa mji mkuu. Shangazi, isitoshe, kile chumba amekipangisha.

Mwenye nyumba nilimfuata akiwa juu kwenye matofali yake. Alinisikiliza akiwa ameweka mkono begani kwangu, tena kwa upole, halafu akasema mimi ni kijana mwenye kipaji, na ghorofa ya tano ikiisha atanipa chumba cha kufungulia duka langu la kompyuta. Kutoka huko juu tangi linaonekana kubwa mno, Dada. Halionekani hivyo ukiwa chini.

Sasa Baba. Kwa maana hata jengo lote lingekataa kunisikiliza, kama yeye angetoka wengine wangemfuata, wewe unajua anavyosikilizwa. Nilimwambia. Usije ukadhani sikumwambia. Ilikuwa asubuhi, kabla ya wateja, anapanga vitana juu ya taulo kwa sababu rafu yake imezibwa. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, vidoti, vigae, fulana ya mtoto, nikamwambia Baba, hao wahandisi hawakuona ufa kwa sababu mimi niliuficha bila kujua, karatasi ile haina maana, tuhame leo.

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema sasa nimezidi, yaani hata wahandisi wa mji mkuu na shahada zao eti nimewafumba macho mimi, kwa kidole kimoja, nikiwa kwenye kiti cha magurudumu! Akasema nilianza na kulikunja jengo, nikaja na kulipitisha kwenye waya, leo nimefika kwenye kulitia mazingaombwe. Akamwita mteja wa kwanza aliyekuwa anaingia aje asikie. Akaniambia simulia tena, simulia ile ya fulana. Na usoni mwake, Dada, ilikuwa furaha tupu. Hakuwa ananidharau. Alikuwa anajivunia. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anavyowashika wateja anapowageuzia kwenye kioo, akamwambia yule mtu atazame, huyu ndiye mwanangu.

Wewe unadhani kilichoharibika ni ukubwa wa picha. Nami nilidhani hivyo, nikazunguka na hiyo dhana wiki nzima, ni namba tu, nilibofya namba ndogo, nani hajawahi kubofya vibaya. Ningeweza kukuachia barua hii iishie hapo ukanisamehe, kwa sababu wewe huwa unanisamehe haraka.

Mteja alisimama mlangoni anasubiri. Baba bado amenishika kichwa, anatikisika kwa kicheko. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, sitanii. Ningepiga kelele, ningelia, ningevunja kile kioo nimwonyeshe uzi ulioko nyuma yake. Angeniamini. Nilimwona machoni, palikuwa na kapengo kadogo, alikuwa ananingoja kidogo aone kama nitacheka au sitacheka.

Nikacheka, Dada. Nikacheka naye, tena kwa sauti kuliko yake, halafu nikamsimulia mteja ile ya fulana na kuiongezea chumvi. Tangu siku hiyo nikigusia tu habari ya ukuta anacheka kabla sijamaliza, na mstari ule nyuma ya kioo sasa unaingiza ukucha.

Msalimie bibi. Wewe jitunze kifua. Najua mkataba wako haukuruhusu kuja, na najua ukimwandikia Baba ataruka tena pale mwandiko usipoeleweka. Sisi tuko hapa hapa, sote wawili. Nalala na viatu.

Ni mimi mdogo wako,
Domo